Haidrojeni Iliyoishia Njiani: Elimu kwa Umma Kuhusu Mafuta Trans

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziondoe mafuta trans ya viwandani (mafuta ambayo umbo la molekuli zake limebadilika wakati wa kuongezwa haidrojeni) kwenye chakula. Tangu hapo kanuni zimezidi kuongezeka nchi baada ya nchi, na maswali yanayoletwa kwetu, wakaguzi na maabara za chakula, yameongezeka nazo. Mengi ni ya msingi. Mengine yanatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo hayana uhusiano wa moja kwa moja: mafuta kuganda, mafuta kuwa na kolesteroli, na mafuta kuhaidrojenishwa. Mtu analeta kopo, analifungua, anaonyesha mafuta meupe yaliyoshikana na kutaka muuzaji achukuliwe hatua. Kuganda si kosa. Hata kuongezwa haidrojeni peke yake si kosa. Kinacholengwa na kanuni ni haidrojeni iliyoanza kuingizwa kwenye mafuta kiwandani, kisha kazi ikasimamishwa kabla haijakamilika. Anayeelewa kwa nini kuishia njiani ndiko kunakoleta madhara ataisoma lebo bila kuhitaji mtaalamu.

Kinachotokea juu ya nikeli

Mafuta ya kula, yawe ya maji au ya mgando, ni gliseroli iliyobeba asidi tatu za mafuta. Tabia yake hutegemea asidi hizo ni zipi. Tuchukue nne zenye kaboni 18 kila moja. Asidi ya steariki haina kifungo maradufu (mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili), yaani imeshiba haidrojeni, na huyeyuka karibu na nyuzi 70 za Selsiasi. Ya oleiki ina kimoja, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Ya linoleiki ina viwili na huyeyuka kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Ya linoleniki ina vitatu, na yake ni nyuzi 11 chini ya sifuri. Katika mafuta ya mimea kama yalivyotoka kwenye mbegu, vifungo hivyo karibu vyote ni vya aina ya cis: haidrojeni mbili za pale zimekaa upande mmoja, na mnyororo unapinda. Minyororo iliyopinda haikai pamoja ikabanana, kwa hiyo mafuta hubaki maji.

Kuhaidrojenisha ni kuongeza atomu mbili za haidrojeni kwenye kila kifungo maradufu ili kiwe kifungo cha kawaida na mnyororo unyooke. Haidrojeni haifanyi hivyo yenyewe. Unaweza kuipuliza ndani ya mafuta ya moto kutwa nzima usione badiliko la maana. Inahitaji kichocheo, na kwa mafuta ya chakula kichocheo hicho karibu siku zote ni nikeli ya unga laini sana iliyoshikizwa juu ya silika au alumina.

Juu ya nikeli mambo huenda hivi. Molekuli ya haidrojeni inatua na kukatika kuwa atomu mbili zilizo huru kusogea juu ya metali. Kifungo maradufu cha asidi ya mafuta nacho kinatua na kushikwa. Atomu ya kwanza ya haidrojeni inajiunga na kaboni moja, na hapo molekuli inakuwa katikati: si ile ya mwanzo, wala haijashiba. Utaratibu huu ulielezwa na Horiuti na Polanyi mwaka 1934, na mpaka leo ndio unaotumika kueleza yanayotokea kinuni, yaani kwenye tangi la kuhaidrojenishia. Ikiwa atomu ya pili iko karibu, inajiunga, kifungo kinashiba, kazi imekwisha. Ikiwa haipo, molekuli haisubiri. Inaiachia nikeli atomu moja na kurudisha kifungo maradufu. Ila katika ule muda mfupi wa katikati, mnyororo ulikuwa huru kuzunguka. Unaporudisha kifungo, mara nyingi hukirudisha katika umbo la trans, haidrojeni moja huku na nyingine kule, kwa sababu umbo hilo ni tulivu zaidi. Wakati mwingine hukirudisha kimesogea kaboni moja mbele au nyuma.

Linganisha asidi ya oleiki na ya elaidiki. Zote zina kaboni 18, kifungo kimoja, mahali palepale, na idadi ileile ya haidrojeni. Ya elaidiki ni trans, imenyooka, na huyeyuka karibu na nyuzi 45. Bila kuongezewa hata atomu moja, imepanda zaidi ya nyuzi 30. Ndiyo maana mafuta trans yalipendwa viwandani: yalitoa mafuta magumu mezani yanayoyeyuka upesi mdomoni, kwa gharama ndogo ya haidrojeni.

Hali ya kinu ndiyo huamua

Kiasi cha trans hutegemea kama atomu za haidrojeni zinatosha juu ya nikeli. Chochote kinachozifanya ziwe haba huongeza trans: joto kali, mgandamizo mdogo wa gesi, kukoroga kwa ulegevu, kichocheo kingi kupita gesi inayoyeyuka kwenye mafuta. Kwa miongo mingi viwanda vilichagua hali hizo kwa makusudi. Joto la nyuzi 170 hadi 200 na zaidi, mgandamizo wa baa 1 hivi, na mwendeshaji akafunga gesi pale mafuta yalipofikia ugumu aliotaka. Kwa njia hiyo mafuta yaliyohaidrojenishwa nusu, kwa kifupi mafuta ya nusu, yanaweza kuwa na trans asilimia 25 hadi 45. Ukishusha joto mpaka nyuzi 120 au 140 na kupandisha mgandamizo mpaka baa 4 au 5, trans hupungua, lakini haiishi, na asidi ya steariki huongezeka mapema, mafuta yakawa na hisia ya nta. Hakuna mpangilio wa nikeli unaotoa mafuta ya nusu yasiyo na trans. Wazalishaji wanaotuandikia kuomba "kiwango salama cha kuhaidrojenisha nusu" wanaomba kitu kisichokuwepo.

Kipimo cha safari hii ni thamani ya iodini, yaani gramu za iodini zinazomezwa na gramu 100 za mafuta; vifungo maradufu vikipungua, nayo hushuka. Mafuta ya soya huanza karibu na 130. Kila pointi moja inayoshuka kwenye tani moja ya mafuta hula takriban mita 0.9 za ujazo za haidrojeni na kupandisha joto kwa nyuzi 1.6 hadi 1.8. Kutoka 130 hadi 75 ni pointi 55: karibu mita 49 za ujazo za gesi, na joto linaloweza kupanda nyuzi 90 ikiwa koili za kupozea hazifanyi kazi. Kiwanda ambacho maji ya kupozea yamepungua, au koili zimejaa ukoko, hupata mafuta tofauti na yale ya jana hata kama mafuta ya kuanzia na muda ni vilevile. Mara nyingi hapo ndipo tunapokuta trans imeruka bila mzalishaji kubadilisha chochote "kwenye karatasi".

Kichocheo nacho huugua. Salfa ikiwa hata miligramu chache kwa kilo ya mafuta hushika nikeli na kuzuia haidrojeni kutua, na nikeli yenye salfa hutoa trans nyingi kuliko nikeli safi. Sifa hiyo iliwahi kutumiwa kwa makusudi kutengeneza mafuta magumu ya kufunika peremende. Fosforasi ya gamu isiyoondolewa, sabuni iliyobaki baada ya kuondoa asidi huru, na maji, vyote huziba vitundu vya kichocheo. Kwa hiyo mafuta hupaushwa na kukaushwa chini ya ombwe kabla ya kuingia kinuni. Anayetumia kichocheo kilekile mara nyingi ili kuokoa fedha huongeza joto kufidia uchovu wake, na hapo tena trans hupanda.

Baada ya kazi, mafuta hupozwa mpaka chini ya nyuzi 100 ndipo yachujwe. Kuna sababu mbili: mafuta ya moto yakikutana na hewa huharibika, na keki ya nikeli iliyobaki kwenye chujio inaweza kushika moto yenyewe inapopata oksijeni. Kisha hupaushwa tena kwa asidi ya sitriki na udongo wa kupausha ili kutoa nikeli iliyosalia, halafu harufu huondolewa kwa mvuke chini ya ombwe. Wanaouliza kama mafuta haya "yana gesi" au "yana chuma" wapate jibu hapa: gesi isiyojiunga hutoka kwenye ombwe, na mabaki ya nikeli katika mafuta yaliyosafishwa ipasavyo ni kidogo sana, nayo hupimwa. Shida ya mafuta haya iko kwenye umbo la molekuli yenyewe, na hakuna chujio la kuiondoa.

Ilivyoanza na ilivyopigwa marufuku

Paul Sabatier wa Ufaransa alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba nikeli huunganisha haidrojeni na mivuke ya misombo ya kaboni, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Wilhelm Normann wa Ujerumani aliifanya kazi hiyo kwenye mafuta ya maji na kupata hataza mwaka 1902. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliingiza sokoni Crisco, iliyotengenezwa kwa mafuta ya pamba. Kwa muda mrefu mafuta haya yalihesabiwa kuwa nafuu kwa moyo kuliko mafuta ya wanyama. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba trans hupandisha kolesteroli mbaya ya LDL na wakati huohuo kushusha ile nzuri ya HDL. Mafuta yaliyoshiba hupandisha LDL, lakini hayashushi HDL namna hiyo. Tafiti zilizofuata, zilipojumlishwa, ziligundua kwamba mtu anayepata asilimia 2 zaidi ya nishati yake kutoka kwenye trans ana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa takriban asilimia 23.

Denmark ilitunga ukomo wa kisheria mwaka 2003, ikiwa ya kwanza duniani. Marekani iliyaondoa mafuta ya nusu kwenye orodha ya viambato vinavyohesabiwa salama mwaka 2015, ikawapa wazalishaji mpaka Juni 2018. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia ukomo wa gramu 2 mwezi Aprili 2021. Januari 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa vyeti vya kwanza vya kuondoa mafuta haya kwa Denmark, Lithuania, Poland, Saudi Arabia na Thailand.

Tunayoyasikia kila wiki

"Nimeyaweka kwenye friji yakaganda, kwa hiyo yana trans." Hapana. Mafuta ya mawese, ya nazi na ya ng'ombe huganda kwa asili yake, kwa sababu yana asidi nyingi zilizoshiba. Na kinyume chake ndicho cha hatari zaidi: mafuta ya soya yaliyohaidrojenishwa kidogo tu, mpaka thamani ya iodini ya 110 hivi, hubaki ya maji kabisa na yana trans. Friji si maabara. Kadhalika kuyapasha, kuyanusa, kuyachoma utambi na kuyapaka kwenye karatasi. Tumelisema hili mara nyingi na bado watu wanatumiana video za vipimo hivyo.

"Lebo inasema hakuna kolesteroli." Hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kutajika. Sentensi hiyo ni kweli hata kwa mafuta ya nusu mabaya kuliko yote, kwa hiyo haimwambii mnunuzi kitu. Kolesteroli inayozungumziwa kwenye madhara ya trans hutengenezwa na ini la mlaji mwenyewe.

"Ukikaanga mara ya pili yanageuka trans." Kwenye joto la kawaida la kukaangia, nyuzi 160 hadi 180, trans inayoongezeka ni kidogo sana. Mafuta yanayokaangiwa tena na tena yana ubaya wake mwingine: huoksidika, hunata, hutoa povu na moshi mapema, na hupimwa kwa kipimo kingine kabisa. Yamwage kwa sababu hizo, usiyamwage kwa sababu ya trans. Ikiwa trans imo kwenye mafuta ya kukaangia, karibu siku zote iliingia kiwandani.

"Yamebakiza molekuli moja yawe plastiki." Tunaomba sentensi hii ipumzishwe.

Lipo swali moja zuri ambalo huulizwa mara chache kuliko linavyostahili: vipi kuhusu maziwa na nyama? Vijidudu vya tumbo la wanyama wanaocheua huhaidrojenisha mafuta ya malisho nusunusu, kwa hiyo mafuta ya maziwa na ya ng'ombe au kondoo huwa na trans ya asili, kwa kawaida asilimia 2 hadi 6 ya mafuta hayo. Asidi kuu humo ni ya vakseniki, yenye kifungo kwenye kaboni ya 11. Kanuni nyingi zinalenga trans ya viwandani na kuiacha hii nje ya hesabu. Biskuti iliyotengenezwa kwa siagi halisi inaweza kuonyesha trans bila kuvunja kanuni, na mzalishaji wake lazima aweze kuthibitisha kiasi cha siagi alichoweka.

Gramu 2 za nini?

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na kwa kweli si wananchi tu wanaokosea. Zipo kanuni za aina mbili. Ya kwanza huweka ukomo: trans ya viwandani isizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta yaliyomo kwenye chakula. Ya pili hupiga marufuku kiambato chenyewe, yaani mafuta yaliyohaidrojenishwa nusu, bila kujali kiasi. Nchi nyingine zina zote mbili. Jua ipi inakuhusu kabla hujaagiza mzigo.

Kwenye kanuni ya ukomo, kigawanyo ni mafuta, wala si uzito wa chakula. Tuseme maabara imepima keki na kukuta gramu 25 za mafuta kwenye gramu 100 za keki, na trans gramu 1.2 kwenye gramu 100 hizohizo. Mzalishaji anasoma 1.2 na kushangilia. Hesabu sahihi ni 1.2 kugawa kwa 25, mara 100: gramu 4.8 kwa gramu 100 za mafuta. Amezidi ukomo zaidi ya maradufu. Kwa keki hiyo trans haikupaswa kuzidi gramu 0.5.

Sifuri ya kwenye lebo nayo iangaliwe. Marekani, kwa mfano, inaruhusu kuandika gramu 0 ikiwa kipimo kimoja cha mlo kina chini ya gramu 0.5. Mafuta matupu ya kupikia yenye gramu 0.45 kwenye kipimo cha gramu 14 yanaandikwa 0, ilhali ni gramu 3.2 kwa kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri trans yote kwa siku isivuke asilimia 1 ya nishati, ambayo kwa mlo wa kilokalori 2,000 ni gramu 2.2. Vipimo vitano vya "sifuri" kama hicho vinafikisha ukomo huo na kupita kidogo.

Kwa hiyo usianze na jedwali la virutubisho. Anza na orodha ya viambato. Kwenye lebo za Kiingereza maneno ya kutafuta ni "partially hydrogenated". Ukiyakuta, trans imo, jedwali liseme lisemavyo. Ukikuta "fully hydrogenated", hayo ni mafuta yaliyoshibishwa mpaka mwisho: vifungo karibu vyote vimekwisha, kwa hiyo hakuna mahali pa trans kukaa. Bado ni mafuta yaliyoshiba na yahesabiwe hivyo, ila sio yale yanayopigwa marufuku. Ukikuta "hydrogenated" pasipo kusema nusu au kamili, una haki ya kumwuliza mzalishaji, na mkaguzi ana wajibu wa kumwuliza.

Sampuli na kipimo

Malalamiko yanayoambatana na kopo lililofunguliwa wiki tatu zilizopita hayatusaidii sana. Leta kifurushi kisichofunguliwa, cha toleo lilelile, pamoja na risiti na picha ya lebo inayoonyesha namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kifurushi kilichofunguliwa kinaweza kutuelekeza pa kutazama, lakini matokeo yake ni rahisi kupingwa, na mara nyingi hupingwa.

Mkaguzi akichukua sampuli rasmi, kwa kawaida huigawa sehemu tatu zilizofungwa kwa lakiri: moja ya maabara, moja ya mwenye mali, na moja ya kutunzwa kwa ajili ya rufaa. Mafuta ya mgando kwenye katoni huchukuliwa katoni kadhaa, na huchimbwa ndani badala ya kukwanguliwa juu. Kwenye tangi, mafuta yapashwe mpaka yayeyuke kabisa, nyuzi 10 hivi juu ya kiwango chake cha kuyeyuka, na yakorogwe kwanza, kwa kuwa sehemu ngumu huzama. Sampuli iliyochotwa juu ya tangi lililopoa nusu inaweza kuonyesha trans ndogo kuliko ukweli, na mwenye mali mjanja anajua hivyo. Sampuli hufungwa bila hewa nyingi na kutunzwa gizani kwenye baridi.

Maabara huyatoa mafuta kwenye chakula na kuyapima uzito, huzigeuza asidi zake kuwa esta za methili, kisha huzipitisha kwenye kromatografu ya gesi (kifaa kinachozitenganisha na kuzichora kama vilele) yenye safu nyembamba ndefu, mara nyingi ya mita 100. Urefu huo una sababu yake. Asidi trans na cis za kaboni 18 hutoka zikifuatana kwa karibu sana, na kwenye safu fupi vilele vyake hupandana. Mafuta ya nusu yana alama yake kwenye mchoro: kabla ya kilele kirefu cha oleiki hutokea kilima kipana chenye mabega, kwa sababu nikeli imetawanya vifungo trans kwenye nafasi nyingi, kuanzia kaboni ya 6 mpaka ya 14 na zaidi. Mafuta ya maziwa huonyesha kilele cha vakseniki kilichojitokeza zaidi, na huambatana na asidi fupi ya butiriki ambayo haimo kwenye mafuta ya mimea. Mafuta ya mimea yaliyosafishwa kwa joto kali wakati wa kuondoa harufu huonyesha trans kidogo ya linoleiki na linoleniki, kwa kawaida chini ya asilimia 2. Mtaalamu akiutazama mchoro anajua yuko wapi kabla hajafanya hesabu.

Kipo pia kipimo cha haraka cha mwanga wa infraredi, ambapo trans hujionyesha kwenye namba ya wimbi 966 kwa sentimita. Kinafaa kuchuja sampuli nyingi kwa siku. Hakifai kumtia mtu hatiani karibu na ukomo, kwa kuwa usahihi wa njia ya zamani hupungua chini ya asilimia 5 hivi. Ripoti ya infraredi pekee inayosema 2.3 isitumike kufunga duka la mtu.

Matokeo husomwa pamoja na kiwango chake cha shaka. Gramu 2.1 yenye shaka ya 0.2 kwa kawaida haihesabiwi uvunjaji, gramu 2.6 yenye shaka hiyohiyo inahesabiwa. Ikithibitika, hatua huenda kwa mpangilio: toleo husika huzuiwa lilipo, mwenye mali huarifiwa kwa maandishi na kupewa muda wa kuomba sehemu yake ya sampuli ipimwe kwingine, kisha toleo huondolewa sokoni kwa gharama yake, hurudishwa lilikotoka, huteketezwa au huelekezwa matumizi yasiyo ya chakula. Faini na mashtaka hufuata sheria ya kila nchi. Anayeuza toleo lililozuiwa wakati shauri linaendelea hujitengenezea kosa la pili, na mara nyingi hilo ndilo zito zaidi.

Kwa waokaji na wachanganyaji

Mbadala wa kawaida ni kuchukua mafuta yaliyoshibishwa kikamilifu, au sehemu ngumu ya mawese, na kuyachanganya na mafuta ya maji, kisha kuzipangua asidi zake kwenye gliseroli ili zigawanyike upya. Kazi hiyo hufanywa kwa methoksidi ya sodiamu kwenye mafuta makavu chini ya ombwe, au kwa kimeng'enya cha lipasi kwenye nyuzi 60 hadi 70. Haiongezi wala haipunguzi haidrojeni, na haitengenezi trans.

Usiruke hatua ya kupangua. Wapo wanaoyeyusha mafuta ya steariki ndani ya mafuta ya maji na kuyaita majarini. Yakipoa hutoa chengachenga, hutiririsha mafuta pembeni, na huacha nta kwenye kaakaa, kwa kuwa sehemu yake ngumu huyeyuka zaidi ya nyuzi 60 na mdomo una 37. Hata mchanganyiko mzuri huharibiwa na upoaji wa polepole: fuwele kubwa hukua na unga haushiki hewa. Upozwe haraka huku ukikandwa, halafu uachwe utulie kwenye nyuzi 25 hadi 27 kwa siku 2 hadi 4 kabla ya kusafirishwa. Mwokaji anayelalamika kwamba "mafuta mapya hayafai" mara nyingi ameletewa mafuta ambayo hayakutulizwa.

Cheti cha mafuta yaliyoshibishwa kikamilifu lazima kiwe na thamani ya iodini. Marekani hutumia mstari wa 4: ikizidi hapo, hayo ni mafuta ya nusu hata yakiitwa kamili. Sababu ya kusisitiza ni kwamba pointi za mwisho huchukua muda mrefu kinuni, na kishawishi cha kufunga gesi kwenye 10 au 12 ni kikubwa. Cheti kitaje pia trans kwa gramu 100 za mafuta, njia ya kipimo, namba ya toleo na tarehe. Cheti cha "mwaka mzima" kisichofungwa na toleo kikataliwe.

Mwenye shehena ya zamani ya mafuta ya nusu asijaribu kuyapunguza makali kwa kuyachanganya na mafuta safi. Pale ambapo kiambato chenyewe kimepigwa marufuku, mchanganyiko wote huwa na kasoro, na tani 1 mbaya hugeuka tani 10 mbaya. Yanaweza kuuzwa kwa watengenezaji wa sabuni au mishumaa. Kabla hayajaondoka ghalani, kila pipa liandikwe kwa rangi isiyofutika kwamba si chakula, uzito upimwe mbele ya mkaguzi, na hati ya kupokea kutoka kwa mnunuzi irudi ikiwa na uzito uleule. Nakala ya hati hiyo itunzwe pamoja na kumbukumbu za toleo, kwa sababu mkaguzi atakayefuata ataiulizia.